Alikimbia, akakimbia, wakakimbia

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, ambaye jioni akimaliza kusahihisha madaftari huandika hadithi za watoto. Ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mhariri amenirudishia hadithi yangu. Katika ukurasa mmoja amezungushia wino mwekundu neno 'alikimbia' mara tisa, akaniambia nitafute visawe. Nimeokota kutimua mbio, kutoka nduki, kutoroka, kuchanja mbuga na kukurupuka. Je, naweza kuvipachika popote? Na mwanafunzi wangu mmoja ameniuliza swali nikabaki nimeduwaa: kwa nini mkimbizi si mkimbiaji, wakati wote wawili wanakimbia?"

Ameambatanisha na aya moja ya ukurasa huo:

"Juma alikuwa juu ya mwembe wa jirani. Alimwona mbwa anakuja. Alishuka akakimbia kwa haraka. Mbwa naye alikimbia nyuma yake. Juma alikimbia mpaka kwa bibi yake. Bibi alikimbia kutoka jikoni akiwa na mwiko. Mbwa alipomwona bibi akakimbia."

Marahaba, mwalimu. Mhariri wako hajakosea, ila dawa aliyokuandikia ni nusu dozi. Ukibeba visawe vyako ukavipachika kimoja kimoja juu ya kila duara jekundu, utapata hadithi ambayo kila mtu anakimbia kwa mbwembwe na msomaji haoni chochote. Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu kukimbia si neno la kasi kama tunavyodhani.

Jaribu jambo dogo. Mwambie mtu sokoni, "Yule fundi wako amekimbia," kisha nyamaza. Hatakuuliza amekimbia kilomita ngapi. Atauliza: amekimbia nini? Deni? Polisi? Mke? Hapo ndipo moyo wa neno ulipo. Kukimbia ni kujiweka mbali na kitu, na kitu hicho kinaweza kufuata moja kwa moja bila kiungo chochote: amekimbia vita, amekimbia majukumu, amemkimbia mumewe. Hata kauli ya kutendwa inakubali. Tunasema "amekimbiwa na mkewe", na aliyekimbiwa yuko barazani ameshika tama, wakati mke aliondoka na basi la alfajiri, amekaa kitini, sanduku liko kwenye buti. Hakuna mguu uliokwenda mbio hapo.

Kasi ya miguu iko kwenye neno jingine: mbio. Mtu huenda mbio, hupiga mbio, hushika mbio, hutoka mbio. Kwa maneno mengine, mbio zinajibu swali la "vipi", kukimbia kunajibu swali la "kutoka kwa nini". Bila shaka leo kukimbia kumebeba mizigo yote miwili, na mizigo mingine juu yake: mtoto anakimbia uwanjani wala hakimbii kitu, gari linakimbia, saa ya ukutani inakimbia dakika tano. Vijana wa Dar wamekwenda mbali zaidi, wimbo ukipendwa wanasema "unakimbiza". Sipingani na hayo. Lakini ukiandika "akakimbia" bila kitu kingine, msomaji wa Kiswahili bado anageuza shingo kutazama nyuma, aone kilichokimbiwa. Mwandishi mwerevu huitumia shingo hiyo.

Sasa swali la mwanafunzi wako, ambalo ni zuri kuliko la mhariri. Ili kulijibu lazima nikupeleke Uganda kidogo.

Waganda mbio huziita "embiro". Njaa huiita "enjala". Mkia huuita "omukira". Yaweke maneno hayo pembeni ya yetu: embiro na mbio, enjala na njaa, omukira na mkia. Unaona kilichopotea? Kiswahili kina tabia ya kumeza sauti ya L (au R, kwa Waganda ni jirani) inapokaa kati ya irabu mbili. Kuokoa kwao ni "okulokola", ndiyo maana walokole wa uamsho ule ulioenea Rwanda na Uganda miaka ya 1930 wakaitwa Balokole, yaani waliookoka. Sisi tulimeza L zote mbili, tukabaki na okoa.

Lakini L iliyomezwa haikufa. Imejificha tumboni mwa kitenzi, na hujitokeza ukikitikisa. Okoa ukiitia mnyambuliko wa kutendea unapata okolea: hiyo hapo L. Nunua, nunulia. Kimbia, kimbilia. Na ukiunda jina la mtendaji kwa kumalizia na I, ile L iliyofichika hugeuka Z: okoa humpa mwokozi, nunua humpa mnunuzi, lea humpa mlezi. Kwa hiyo kimbia humpa nani? Mkimbizi, bila mkato wowote. Wapo wanaodhani mkimbizi ametoka kwenye kimbiza, kisha wanashangaa mbona yeye ndiye anayekimbizwa. La hasha. Mkimbizi ametoka kwenye kimbia yenyewe, ile ya asili, ya kujiweka mbali na balaa.

Na mkimbiaji? Huyu ameundwa kwa -ji, kiambishi cha mtu afanyaye jambo kwa mazoea au kwa wakati huo. Tunao wengi wa namna hii waliogawana kazi: msomi ni mwenye elimu, msomaji ni wewe sasa hivi. Umbo la -i hushika hali ya mtu, lile la -ji hushika shughuli yake. Mkimbizi anaweza kukaa kambini Nyarugusu au Dadaab miaka ishirini bila kupiga hata hatua tatu za mbio, na bado ni mkimbizi. Mkimbiaji akiumia goti akaacha mazoezi, ukimbiaji wake umekwisha.

Nina kovu langu katika hili. Nilipokuwa kijana kwenye meza ya wahariri wasaidizi wa gazeti ambalo sitalitaja, niliandika kichwa cha habari za michezo: "Wakimbizi 200 kushiriki mbio za Jumapili." Nilikuwa na usingizi, na kwa kweli nililiona neno zuri, lenye mahadhi. Mzee aliyekuwa mkuu wa meza alikisoma, akavua miwani, akaniuliza kwa upole: "Kijana, wanatoroka kwenda wapi?" Kilibadilishwa dakika chache kabla kurasa hazijakwenda mtamboni. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, yalifika mashindano ya Olimpiki ya Rio na timu ya kwanza ya wakimbizi, wanamichezo kumi, watano kati yao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma. Hao walikuwa wakimbizi na wakimbiaji kwa pamoja. Nilimkumbuka mzee yule, nikasema laiti kichwa changu cha habari kingesubiri.

Mwambie mwanafunzi wako kuwa kuna na wa tatu: mkimbiza, ambaye hasimami peke yake, lazima ashike kitu. Mkimbiza mwenge, kama vile mpiga picha au mkata kuni. Naye ndiye pekee kati ya watatu aliyetoka kwenye kimbiza. Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro Desemba 1961, na mpaka leo tunasema "mbio za mwenge" hata pale unaposafiri ndani ya gari umbali mrefu kati ya wilaya na wilaya. Neno mbio hapo limekuwa cheo tu.

Tukiwa bado kwenye mbio: usiseme "mbio yake". Katika Kiswahili sanifu mbio ni zake, za kwake, ndefu, fupi, za nyika, za kupokezana vijiti, daima kwa wingi. Na methali yake ni "mbio za sakafuni huishia ukingoni". Wanafunzi huisoma wakafikiri ni sakafu ya sebuleni, kisha wanashangaa ukingo uko wapi, si ungegonga ukuta? Sakafu tumeichukua kwa Waarabu, na kwao saqf ni paa. Nyumba kongwe za mawe za pwani zilikuwa na dari la juu bapa, la chokaa na mawe yaliyopondwapondwa, ambalo mtu angeweza kutembea juu yake. Isome methali ukiwa umesimama huko juu, utaona ni onyo zito kuliko tunavyolitumia shuleni. Mimi ndivyo ninavyoisoma.

Haya, visawe vyako. Nitavichukua bila mpangilio.

Kutimua mbio ni picha ya vumbi. Kutimua ni kufukua, kurusha juu kilichotulia chini. Ng'ombe hutimua vumbi njiani. Kwa hiyo anayetimua mbio anaacha kitu nyuma yake hewani, na hili linafaa barabara ya udongo, uwanja wa shule, shamba lililovunwa. Juma akitimua mbio kwenye korido ya hospitali yenye marumaru, picha inavunjika. Angalia pia kwamba neno hili likipata mtu kuwa yambwa, yaani mtendwa, linageuka: "klabu yamtimua kocha" maana yake amefukuzwa. Na dada yake mdogo, kutimka, hahitaji hata neno mbio: "walipoona gari la polisi, wakatimka." Hilo napenda zaidi, ni fupi na lina mlio wa miguu.

Kutoka nduki ni la mwanzo wa mbio, ule mshindo wa kwanza wa mtu aliyeshtuka. Huwezi kutoka nduki kwa nusu saa. Wakenya wana msemo wao wa jambo lile lile ambao nawaonea wivu: alitoka mbio, "mguu niponye". Mtu anaongea na mguu wake, anauomba msaada, kwa sababu hapo hana rafiki mwingine. Kama hadithi yako ina kichekesho kidogo, usisite kuuvusha mpaka, watoto wa Morogoro watauelewa bila kufafanuliwa.

Kukurupuka hakufai kwa Juma kabisa. Anayekurupuka alikuwa amelala, amekaa au amejificha, ghafla akainuka: kanga kichakani, mtu usingizini. Ndiyo maana tunamwonya mtu "usikurupuke" kwa maana ya kutotenda kabla ya kufikiri. Juma yuko juu ya mwembe, macho kodo, anakula embe la watu. Labda mbwa ndiye aliyekurupuka, kama alikuwa amelala kivulini.

Kutoroka ndilo lenye hatari zaidi kwenye orodha yako, kwa sababu si kisawe kabisa. Kutoroka kunataka vitu viwili: mahali unapotakiwa kuwepo, na siri. Mfungwa hutoroka jela, mwanafunzi hutoroka shule, askari hutoroka jeshini. Anaweza kutoroka kwa kunyata, polepole kuliko kinyonga. Ukiandika Juma alitoroka kwa jirani, umemwambia msomaji kuwa jirani alikuwa amemfungia. Kuhepa na kukwepa ni ndugu zake, na kusepa wanakosema vijana ni kuondoka tu kwa utulivu kabla bili haijaja.

Kuchanja mbuga ni la masafa. Anayechanja mbuga ameikata nyika kwa kasi, saa nyingi, na leo waandishi hulitumia hata kwa mabasi ya mikoani. Kutoka mwembeni mpaka kwa bibi ni hatua mia. Hakuna mbuga ya kuchanjwa hapo.

Ambalo hukuliokota, nami ningekupa la kwanza, ni kuchomoka. Ni kutoka kwa kasi mahali ulipokuwa umebanwa au umejaa, kama kisu alani. Mwanariadha wa Tanzania Filbert Bayi, kwenye fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch mwaka 1974, alichomoka mapema akawaacha wenzake nyuma, akaongoza mpaka utepe kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Wengine waliokuwa nyuma yake walikuwa wanakimbia kwa kasi ile ile karibu, lakini neno lao si kuchomoka. Kuna na kuponyoka, ambaye alikuwa ameshikwa, samaki mkononi. Kufyatuka, ambaye alikuwa kama mtego uliotegwa. Na kuyoyoma, ambako mkimbiaji anapungua machoni mpaka anabaki nukta. Hayo matatu hayafanani hata kidogo, na kamusi nyingi za visawe huyatupa kapu moja.

Nafasi ikiruhusu ningekuongezea istilahi za punda. Watu wa visiwani, waliolelewa na punda kama wengine walivyolelewa na baiskeli, walikuwa na jina la kila mwendo: telki ni kutembea upesi kwa hatua laini, matiti ni mwendo wa kurukaruka, shoti ni mbio zenyewe, masikio yamelala nyuma. Shoti bado iko hai, utaisikia "akatoka shoti". Matiti nakushauri uyaache, darasa la tatu halitatulia tena siku hiyo.

Umeandika "alikimbia kwa haraka". Je, kuna kukimbia kwa polepole? Lakini hapa siyo ziada tu inayonisumbua. Haraka si kasi. Haraka ni hali ya mtu, ndiyo maana tunasema "ana haraka" na hatusemi "ana upesi". Mtu anaweza kuwa na haraka huku amekwama kwenye foleni, haendi popote. Neno lenyewe Waarabu wanalitumia kwa maana ya mwendo au kutikisika, na sisi tuliosoma chuo cha Kurani tulilijua kabla ya kujua maana yake: herufi yenye alama ya irabu, yaani fataha, kisra au dhumma, "ina haraka", isiyo nayo imesakiniwa, imetulia. Haraka ndicho kinachoifanya herufi isogee mdomoni. Upesi ni ndugu wa -epesi, jambo lililokuwa jepesi hata halikuchukua muda. Kasi ni nguvu ya mwendo inayopimika, ya mto, ya upepo, ya gari. Ndiyo maana kitabu cha hisabati kinagawa umbali kwa muda kikapata mwendokasi, na ndiyo maana mabasi ya njia maalumu ya Dar yalipoanza mwaka 2016, makaratasi yaliyaita "mabasi yaendayo haraka" lakini abiria wakayaita mwendokasi. Abiria walikuwa sahihi zaidi. Basi halina haraka, mwenye haraka ni yeye.

Kimebaki kitu kimoja, nacho ndicho kitakachofuta maduara mengi ya mhariri wako kuliko visawe vyote nilivyovitaja. Ni ile L iliyojificha. Juma "alikimbia mpaka kwa bibi yake": maneno matano kwa kazi ambayo Kiswahili kimeifungia ndani ya kitenzi. Alikimbilia kwa bibi. Kukimbilia hakusemi tu alikokwenda, kunasema alitafuta nini huko, kwa kuwa ndiko lilikotoka kimbilio. Na mbwa "alikimbia nyuma yake" kwa nini, wakati tuna alimkimbiza? Angalia tu muktadha, kwa sababu "walimkimbiza mgonjwa" ni kumwahisha hospitali, si kumfukuza na fimbo. Ukitaka ukali zaidi tumia alimfukuza, ingawa kufukuza kunabeba na kumtoa mtu kazini. Kwa mbwa hakuna utata.

Nimejaribu aya yako. Usiichukue kama ilivyo, sauti ni yangu na hadithi ni yako:

"Juma alikuwa juu ya mwembe wa jirani, shavu moja limejaa embe. Mbwa akakurupuka kivulini. Juma kusikia anabweka, akachupa chini, akatoka nduki. Mbwa akamkimbiza. Vumbi likatimka nyuma yao, kuku wakatawanyika. Juma akakimbilia kwa bibi yake. Bibi akachomoka jikoni, mwiko mkononi, unga bado unadondoka. Mbwa alipomwona bibi, akakimbia."

Kati ya "kukimbia" zako tano imebaki moja, ya mwisho. Hiyo mhariri akitaka kuizungushia tena wino mwekundu, mkatalie. Mbwa amemkimbia bibi.